Uchambuzi wa Kisa: Kukalafati Chombo Katikati ya Atlantiki

Kisa chenyewe na mipaka yake

Kisa hiki ni cha kweli, na kilitokea kati ya Juni 1968 na Aprili 1969. Jina la nahodha, la chombo chake na ya wote waliohusika nimeyaacha, ingawa mwenyewe aliyaandika mambo yake waziwazi katika kitabu kilichotoka mwaka uleule aliorejea. Msomaji akishajua kwamba anasoma habari za mtu mashuhuri huanza kuzisoma sifa zake, na mimi nataka aitazame kazi ya mikono yake. Swali linalochambuliwa ni moja: mtu aliye peke yake baharini, ambaye chombo chake kinavuja chini kabisa kwenye mkuku, yaani gogo la chini linalobeba chombo kizima, na ambaye hana bandari anayoweza kuingia bila kuiharibu safari yake, huamua vipi, na uamuzi wake husimama juu ya nini? Mambo mengine ya safari hiyo, ambayo ni mengi, nitayagusa pale tu yanapolipa swali hilo mwanga.

Usuli: baharia na chombo

Nahodha alikuwa Mwingereza mwenye umri wa miaka 29, afisa wa meli za biashara aliyesomea kazi hiyo akiwa katika kampuni ambayo meli zake zilikuwa zikitia nanga Bombay, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo hujua kupima jua, kutunza daftari la safari na kukaa zamu. Chombo chake cha tanga, hata hivyo, hakikutokana na mafunzo ya meli za chuma. Kiliundwa Bombay kwa mbao za msaji na mafundi wa Kihindi waliotumia tezo, na keekee zinazozungushwa kwa uta, zana ambazo fundi yeyote wa Lamu au Nungwi angezishika bila kuuliza maswali. Kiliteremshwa majini mwishoni mwa 1964. Kilikuwa na urefu wa takriban mita 10, kipana kwa kimo chake, chenye milingoti miwili, mkuu na wa galme, ule mdogo wa nyuma, na kizito kiasi cha kutokwenda mbio hata upepo ukiwa mzuri.

Yeye pamoja na wenzake wawili walikipeleka chombo hicho Uingereza kutoka Bombay, wakipita pwani ya Uarabuni na ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, kisha wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda Atlantiki. Safari hiyo ndiyo iliyomfundisha chombo chake. Walipokuwa katika Bahari ya Arabia, chombo kilivuja kwenye mwanya ulio kati ya mkuku na ubao wa kwanza, wakalazimika kuzamia na kuuziba. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu litarudi.

Mwaka 1968 gazeti moja la Uingereza lilitangaza shindano la kuizunguka dunia kwa tanga, mtu mmoja katika chombo kimoja, bila kutia bandarini na bila kupokea msaada wowote wa vitu. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Kila mshindani aliruhusiwa kuondoka siku aitakayo kati ya tarehe 1 Juni na 31 Oktoba. Nahodha alikuwa tayari anaifikiria safari hiyo, na alitaka kujenga chombo kipya cha chuma, kirefu na chenye mwendo zaidi. Aliandika barua nyingi za kutafuta wafadhili na hakupata fedha. Hatimaye aliamua kwenda na kile alicho nacho.

Safari ilivyokwenda

Aliondoka Falmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 14 Juni 1968. Kwa kuwa chombo chake kilikuwa miongoni mwa vile vya mwendo wa pole, aliona kwamba njia pekee ya kushindana na wenye vyombo vya kasi ni kutangulia. Wawili walikuwa wameondoka siku chache kabla yake, na wengine waliondoka miezi miwili na zaidi baadaye.

Katika wiki za kwanza aliona kwamba maji yanajaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kuliko kawaida. Pampu ilihitajika mara mbili kwa siku, katika bahari ambayo haikuwa mbaya. Mtu asiyejua angeweza kujifariji kwamba kila chombo cha mbao hunywa maji kidogo, na hilo ni kweli. Lakini alijua kwamba baada ya miezi miwili angekuwa katika Bahari ya Kusini, ambako mawimbi huizunguka dunia bila kukutana na nchi kavu ya kuyazuia, na kwamba chombo kinachovuja kwenye shwari kitafunguka zaidi huko.

Aliamua kungoja siku ya utulivu. Alipofika eneo la visiwa vya Cape Verde upepo ukapungua. Akateremsha matanga, akavaa miwani ya kuzamia na kuingia majini ili atazame tu. Aliona mwanya ulio wazi pande zote mbili za chombo, karibu na mlingoti mkuu, wenye urefu wa mita mbili na zaidi, na kila chombo kilipopanda na kushuka katika wimbi mwanya ulifunguka na kufunga. Hofu yake ya kwanza ilikuwa kwamba viungo vinavyoshikanisha mataruma, yaani mbavu za chombo, na mkuku vimelegea, na kama ingekuwa hivyo pamba peke yake isingesaidia chochote. Alirudi juu, akaingia ndani, akavikagua vile alivyoweza kuvifikia na kuviona vimeshika. Hapo ndipo alipoamua kwamba tatizo liko kwenye kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, na kwamba kalafati anaiweza.

Kwetu pwani kazi hii hufanywa chombo kikiwa kimepwelezwa. Hupandishwa wakati wa bamvua, maji yakitoka mafundi huingia chini yake na pamba iliyolowekwa mafuta, na mlio wa nyundo zao husikika mtaa mzima. Fundi hukaa kitako, huisukuma pamba kwa patasi, huigonga mpaka isikie, husogea shibiri moja, huanza tena. Nahodha alikuwa na pamba na patasi, na nyundo aliyoining'iniza kwa kamba. Alichokosa ni pumzi. Mwanya ulikuwa takriban mita moja na nusu chini ya maji, na kila alipoiingiza pamba na kuinua nyundo, pumzi ilimwishia kabla hajagonga vya kutosha. Akipanda kuvuta hewa, pamba ilitoka yenyewe. Alirudia mara kadhaa na kuona kwamba kwa njia ile hatamaliza hata urefu wa mkono.

Alitoka majini akakaa kufikiri. Aliona kwamba sehemu ya kazi iliyokuwa ikimshinda chini ya maji inaweza kufanywa juu yake. Alikata ukanda mrefu wa kitambaa cha tanga, mwembamba, akashonea pamba juu yake kwa urefu wote, akaupaka lami, kisha akapenyeza misumari midogo ya shaba kila baada ya nafasi fupi ili ikae tayari. Kwa hiyo alipozamia tena hakuhitaji kuibana pamba kwa mkono mmoja na kuigonga kwa mwingine. Alihitaji tu kuuegesha ukanda kwenye mwanya na kugonga msumari mmoja, akapanda, akavuta pumzi, akashuka kugonga wa pili. Kazi ambayo fundi huifanya kwa mfululizo yeye aliigawa katika vipande vinavyolingana na pumzi ya mtu mmoja. Juu ya kitambaa alitaka kuweka kinga isije ikang'olewa na mwendo wa maji, na ndani ya chombo mlikuwa na utepe wa shaba ulioachwa na mafundi waliofunga redio kabla ya safari. Huo ndio alioupigilia.

Alikuwa amevaa nguo za rangi nyeusi-nyeusi ili weupe wa mwili wake usivute papa. Hata hivyo papa alikuja, wakati yeye yuko juu akipumzika na kahawa. Alingoja kwa muda akitumaini ataondoka, na alipoona haondoki akachukua bunduki na kumpiga. Kisha akafanya jambo ambalo naliona lina uungwana wa kazi kuliko kupiga kwenyewe: hakurudi majini mara moja. Aliketi akaitazama bahari, ajue kama damu itawaita wengine. Hawakuja, akazama tena na kuendelea. Upande wa kwanza ulikamilika, upepo ukaanza kuvuma, naye akatweka matanga na kuuacha upande wa pili hadi shwari nyingine ilipomjia siku chache baadaye. Baada ya hapo uvujaji huo haukumsumbua tena kwa kiwango kile.

Baada ya Rasi ya Tumaini Jema

Mapema Septemba, kusini mwa Afrika, wimbi kubwa lilikilaza chombo ubavu. Nahodha alikuwa kitandani. Alirushwa pamoja na kila kisichofungwa. Chombo kiliinuka chenyewe, lakini paa la chumba lilikuwa limesogea na nyufa zilionekana pembeni mwake. Alihofia kwamba wimbi jingine kama lile litalichukua paa zima na kuliacha shimo wazi katikati ya sitaha, kwa hiyo aliongeza misumari ya kuzungusha na bolti mpaka akaliamini tena. Muda si mrefu akagundua kwamba maji ya kunywa katika matangi yameharibika, akabaki na ya madumu na yatakayotoka mvuani. Redio ikanyamaza. Tone la tindikali ya betri likamrukia jichoni, akaliosha na kutafakari kama aingie Durban, akaamua kuendelea. Kifaa cha kukiendesha chombo kwa nguvu ya upepo, kilichokuwa kimeumia tangu siku ya kulazwa, kikavunjika kabisa kabla ya kufika New Zealand.

Huko New Zealand, mwezi Novemba, alikaribia pwani ya Otago ili kupeleka habari nchi kavu, na chombo kikapwelewa kwenye mchanga. Alitupa nanga, akangoja maji yajae, akajinasua bila kuguswa na mtu. Mwandishi wa habari aliyemfikia kwa mashua alimweleza kwamba hata barua zake hawezi kupewa, kwa kuwa kanuni inakataza. Kutoka hapo hakuonekana wala kusikika kwa zaidi ya miezi minne. Alipita Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, tarehe 17 Januari 1969, na wengi walikwisha kukata tamaa kabla ya meli moja ya mafuta kumwona Aprili magharibi mwa visiwa vya Azores.

Matokeo

Aliingia Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312 na takriban maili 30,000 za bahari, kwa mwendo wa wastani wa kama maili nne kwa saa. Kati ya washindani tisa walioanza ni yeye pekee aliyemaliza. Daktari wa akili aliyempima kabla na baada ya safari hakuona mabadiliko. Zawadi ya fedha, pauni 5,000, aliitoa kwa familia ya mshindani mwenzake aliyefia baharini, ambaye nitamrejea.

Uchambuzi: kilichofaa

Wengi wanaosimulia kisa hiki husimama kwenye papa. Mimi nasimama kwenye ule muda aliotoka majini, baada ya kushindwa, na kukaa kufikiri. Kilichomshinda hakikuwa ujuzi wa kukalafati wala ukosefu wa vifaa. Ni kwamba hatua mbili za kazi, kushika na kugonga, zilitakiwa zifanyike ndani ya pumzi moja. Alipolitambua hilo, suluhisho lilikuja kwa sindano na uzi, akiwa ameketi sitahani, mahali ambapo hewa haina mwisho. Anayefundisha mabaharia au mafundi angefaa akawape wanafunzi hatua hii peke yake waichunguze, kwa sababu mazoea ya mtu aliyebanwa ni kurudia juhudi ileile kwa nguvu zaidi, mpaka nguvu zimwishie.

Jambo la pili ni mpangilio wa uchunguzi wake. Alizamia kutazama kabla ya kuzamia kutengeneza, na alipoona mwanya hakuridhika na alichokiona nje, bali aliingia ndani kukagua viungo. Kama viungo vingekuwa vimelegea, uamuzi sahihi ungekuwa kwenda bandari ya karibu na kupoteza shindano, na kalafati nzuri kiasi gani ingekuwa ya kujidanganya. Kwa hiyo ukaguzi ule wa ndani ndio uliompa haki ya kuendelea.

Kisha wakati. Angeweza kuahirisha, kwani pampu mara mbili kwa siku haimchoshi mtu. Alitengeneza akiwa katika maji ya joto, kwenye shwari, mwili ukiwa bado na nguvu. Na wimbi la Septemba lilipokilaza chombo, lilikikuta na jeraha moja badala ya mawili. Nadhani hapa ndipo safari ilipookolewa, wiki nyingi kabla ya hatari yenyewe kuonekana.

Kuhusu kifaa cha kujiendesha kilichovunjika, alikuja kugundua kwamba chombo chake, matanga yakipangwa kwa usawa unaokifaa, kinashika njia chenyewe kwa saa nyingi. Wanamaji wa majahazi hufunga kana, ule mpini wa usukani, na kulegeza tanga kwa kusudi hilohilo. Chombo kilekile kizito alichokichukua kwa kukosa fedha za kingine ndicho kilichokuwa na tabia hiyo ya utulivu, na washindani waliokwenda na vyombo vyepesi vya plaiwudi, ambavyo maungio yake yaliachana, hawakuwa na faida hiyo.

Uchambuzi: kilichokosekana

Uvujaji ule ulikuwa ugonjwa wa zamani. Ulijitokeza Bahari ya Arabia, ukazibwa baharini, na chombo kikafika Uingereza. Chombo kikiwa nchi kavu, kikiwa kimeinuliwa, mwanya huo ungefanyiwa kazi kwa siku chache na fundi mwenye pumzi zote za dunia. Ufinyu wa fedha na haraka ya kuondoka Juni huenda vinaeleza kwa nini haukupewa uzito uliostahili, lakini havibadilishi ukweli kwamba nahodha alilazimika kuhatarisha maisha yake kutengeneza kitu alichokuwa anakijua. Matengenezo ya dharura yakifanikiwa mara moja huacha hisia kwamba tatizo limekwisha, na hilo ni kosa ambalo nimeliona pia kwa wavuvi wetu, wanaoziba kwa nguo na sabuni asubuhi na kusahau jioni.

Uamuzi wa kuondoka mapema ulikuwa na bei yake vilevile. Ulimpa ushindi, na ulimfikisha Bahari ya Kusini majira ya baridi ya huko yakiwa hayajaisha, jambo lililochangia yale yaliyompata kusini mwa Afrika. Sioni kwamba alikosea. Chombo cha mwendo wa pole hakikuwa na njia nyingine ya kuwa cha kwanza. Lakini anayekinukuu kisa hiki kama ushahidi kwamba kutangulia ni bora, aseme pia kilichompata aliyetangulia.

Maji ya kunywa yalikuwa pungufu la wazi zaidi. Kutegemea matangi yaliyojengewa ndani ya chombo kinachonyweshwa na mawimbi, kwa safari ya miezi kumi, kulimwacha mikononi mwa mvua. Mvua ilinyesha. Angekuwa katika latitudo kavu zaidi, tungekuwa tunachambua kisa cha namna nyingine.

Daftari la safari

Baharia huyu alikuwa mwandishi tangu siku ya kwanza, kwa maana kwamba alikwisha kufanya mapatano ya kitabu kabla ya kuondoka, na kila siku aliandika. Daftari lake lina hasira, lina uchovu, lina siku alizotaka kuacha. Aliporejea na kuandika kitabu, makosa yale aliyaacha ndani, pamoja na kupwelewa kwake Otago. Kwa sababu hiyo tunaweza leo kufuata hatua zake msumari kwa msumari.

Mwenzake aliyefia baharini pia alikuwa na chombo kinachovuja. Alikuwa ameondoka siku ya mwisho kabisa iliyoruhusiwa, kwa haraka kubwa, na bomba la kutolea maji ngamani lilikuwa limesahauliwa nchi kavu. Alijua kwamba chombo chake hakitahimili Bahari ya Kusini, na alijua kwamba kurudi kungemfilisi, kwa kuwa fedha alizokwenda nazo zilikuwa na masharti. Alibaki Atlantiki akituma kwa redio habari za mahali ambapo hakuwepo, huku akitunza hesabu mbili, ya kweli na ya uongo. Julai 1969 chombo chake kilikutwa kinaelea bila mtu, madaftari yakiwa mezani. Simlaumu, naamini yeyote aliyewahi kudaiwa atamhurumia. Ninachokiona katika visa hivi viwili vikiwekwa pamoja ni kwamba vyombo vyote viwili vilivuja, na kwamba yule wa kwanza, alipoandika jioni kiasi cha maji alichotoa ngamani, alikuwa anajiandikia ripoti ya kazi ya kesho. Yule wa pili alikuwa na kurasa ambazo hakuna kesho iliyoweza kufanyiwa kazi kutoka kwazo, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ya bahari asiyokuwemo. Fedha za zawadi zilipofika kwa mjane na watoto wake, zilitoka kwa mtu aliyejua vizuri kuliko sisi sote jinsi maji yanavyosikika usiku chini ya mbao za sakafu.